Njia Aliyokusafishia Zuhura

Baba,

Shikamoo huko uliko, na tafadhali usinisahihishe kabla sijamaliza. Najua barua hii ingekuwa mikononi mwako ungekuwa umeshaikamata kalamu nyekundu, umelizungushia duara hilo "tafadhali", na unanieleza ni nani aliyelileta pwani na alikuja kufanya nini. Kalamu sasa iko kwangu, na leo nina mambo ya kusema.

Huku bado baridi. Machi inakwisha na theluji ingali imelundikana kandokando ya barabara, nyeusi tititi, imechanganyika na chumvi na mchanga na mavi ya mbwa ya tangu Novemba. Mji huu hauna haya. Wiki iliyopita jua lilichomoza siku moja tu, watu wakatoka na kaptura, wakachoma nyama uani, wakapongezana kama waliolileta wao. Kesho yake theluji ikaanguka tena mpaka magotini. Jirani yetu yule mzungu mwenye mbwa wa miguu mifupi, gari lake lilitumbukia kwenye shimo barabarani, gurudumu likapasuka. Nikamuuliza hali, akaniambia si mbaya sana. Nyumba ingemwangukia mtu yule, angetoa kichwa kwenye kifusi aseme si mbaya sana. Ulimdharau kwa neno hilo tangu mwaka wako wa kwanza hapa, nami nilikuunga mkono. Mimi nawe tulipatana sana kwenye dharau.

Nakukumbuka dirishani kwangu hapa mjini Coon Rapids, kanzu ndani, jaketi juu, soksi mbilimbili, kikombe cha kahawa ya tangawizi mkononi, unautazama ua mweupe kana kwamba umekutukana. Miaka thelathini ulifundisha Kiswahili Mombasa. Mama alipofariki ukaja kuishi kwangu, baridi ikakufungia ndani, na kwa kuwa hukuwa na wanafunzi ukaanza kuyahoji maneno. Theluji ni Mwarabu, ukasema, naye hakutufaa kitu mpaka tulipohamia huku kwa ujinga wetu. Meza Mreno, gari Mhindi, shule Mjerumani. Kipupwe ndilo letu, lakini kipupwe cha Mombasa ni mtu kujitanda leso asubuhi, ikifika saa nne keshaivua. Ukasema kipupwe kingeshushwa uwanja wa ndege wa huku kingekufa kabla ya kuchukua mizigo. Nilicheka mpaka kahawa ikanitoka puani. Ulikuwa mchekeshaji, Baba, sitakunyima hilo.

Kila mwisho wa baridi tulikuwa tukinuna nyumba nzima. Wewe ulinuna kwa sababu ya magoti, mimi kwa sababu ya kuendesha gari kwenye barafu kwenda dukani kwangu, mtaa wa Phillips, na kurudi, na mume wangu, baba yake Zuhura, alinuna kwa simu, kutoka barabarani na trela lake. Siku moja nilikuuliza kwa utani, na kununa je, neno hilo tumeliazima kwa nani?

"Hilo ni letu," ukasema. "Kununa hatukuazima kwa mtu."

Ukaenda kuliandika kwenye daftari lako. Lile la jalada gumu, lenye safu tatu ulizozipiga mstari kwa rula: neno, asili, aliyelileta. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Tulikuwa tukilifutia vumbi pembeni pembeni.

Sasa nikukumbushe Idi. Usijifanye umesahau.

Ada uliianzisha mwenyewe. Idi ikifika, watu wetu wa pwani wakija kula biriani hapa, kila mtoto kabla hajapata fedha zake za mkono wa Idi sharti asimame kwenye zulia mbele ya wageni, alete neno, nawe ulihukumu. Uliiita kodi ya neno. Wageni waliipenda, hasa Ami Twalib, mdogo wako wa mji jirani wa Blaine, ambaye kwake kila neno duniani limetoka Uarabuni, hata ugali, na Kiarabu chenyewe hawezi kuulizia choo. Mtoto akileta neno la maana ulimpigia makofi. Akileta la ovyo ulimchambua mpaka chumba kizima kikashika mbavu. Watoto wengine walikariri kutoka kwa mama zao, wakasema, wakapokea chao, wakakimbilia michezo. Walikuwa werevu kuliko wetu.

Zuhura alikuwa na miaka tisa. Idi ndogo ya mwaka ule iliangukia mwisho wa baridi kama hii Idi kubwa ya mwaka huu, na asubuhi tuliamka theluji imeziba mlango. Yeye ndiye aliyetangulia kuamka. Akavaa buti zangu, akachukua beleshi la plastiki lililomzidi kimo, akasafisha njia yote kutoka mlangoni mpaka garini, akamwaga chumvi, ili uende kuswali bila kuteleza. Hakumwambia mtu. Ulitoka na fimbo yako, ukapita njia ile taratibu na viatu vyako vya ngozi, hukuuliza imesafishwa na nani. Ulidhani njia hujisafisha yenyewe.

Mimi niliijua siri. Wiki nzima alikuwa akitafuta neno la kukuletea, na alipomaliza kazi ile akaniambia amelipata, na kwamba atalileta na kisa chake. Nilimsikia akijizoeza mbele ya kioo cha bafuni. Alikuwa akikuogopa na kukupenda, vyote viwili, kama nilivyokuwa mimi nilipokuwa na umri wake.

Zamu yake ikafika. Akasimama kwenye zulia na gauni lake jipya, mikono nyuma, akasema kwa sauti ya shuleni:

"Babu, leo asubuhi nime-shovel njia yote, peke yangu, ili usi-slip ukienda msikitini."

Hakuwa amefika kwenye neno lenyewe, wewe ukavua miwani. Ukaipangusa. Ukamuuliza, "Nani amekufunza lugha hii ya jalalani?"

Kisha ukamwacha pale pale amesimama, ukawageukia wageni. Ukawaeleza kwamba Kiswahili kina beleshi, neno safi kabisa, limetoka Bara Hindi, likapokewa pwani, likafunzwa adabu. Ami Twalib akadakia kwamba beleshi ni Kiarabu. Mkabishana. Ukaiga sauti ya mtoto, "nime-shovel, usi-slip", na watu wakacheka, akina mama na wanaume, hata wale ambao kwao nyumbani hawasemi lolote ila hilo hilo, wanao-drive na ku-park na ku-clean kutwa kucha.

Na mimi nilicheka. Nimekaa na jambo hili miaka saba nikikulaumu wewe, lakini nitaliandika kama lilivyokuwa. Nilikuwa nimeshika sinia la sambusa mlangoni mwa jikoni. Mtoto hakukutazama wewe, alinitazama mimi, akanikuta nacheka.

Hakulia. Akaketi pembeni, mkono wa Idi akauacha juu ya meza, hiyo meza yako ya Kireno, akaniomba maji kwa Kiingereza. Toka siku ile hajanena Kiswahili ndani ya nyumba hii. Anasikia kila kitu. Ukimtuma anakwenda, ukimsema ananyamaza, lakini jibu lake ni Kiingereza, hata salamu. Nawe ukawa unawaambia wageni kwamba mtoto ameharibiwa na shule. Shule! Ulikuwa na ujasiri, Baba, wa kumsingizia Mjerumani wa watu.

Baada ya mwezi nilikufuata dirishani nikakuomba umwite, umwambie neno moja tu la kumpoza. Ukaniambia mkubwa hamwombi radhi mdogo. Nikakujibu kwa adabu zote ulizonilea nazo: mkubwa ni jalala. Nilidhani nimekukamata. Wewe ukanitazama kwa furaha, ukaweka kikombe chini, ukaanza kunieleza jalala limetoka wapi. Nilirudi jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Nikuambie nilichokidharau kwako, maana sasa huwezi kuniondokea. Maneno uliyaheshimu sharti walioyaleta wawe wamekwisha kufa. Mreno aliyetuchomea mji ulimtajia meza yake na leso yake kwa mahaba. Baharia, mfanyabiashara, askari, wote uliwapokea daftarini na kuwapa safu zao. Lakini mjukuu wako, aliye hai, aliyekuja na neno lake mkononi likiwa bado na theluji, ulimfukuza mlangoni. Hata hilo beleshi lako ni la kuja. Kuna siku lilifika pwani geni, na sharti kuna mzee kama wewe aliyelicheka.

Na yeye njia hakuacha kuisafisha. Miaka mitano yote iliyobaki ya maisha yako, kila theluji ilipoanguka, alitoka akakusafishia, akamwaga chumvi, akarudi ndani kimya. Nawe kila mara ulipita. Sijui kama ulijua. Nimejaribu kuamini ulijua.

Ulipofariki ilikuwa Januari. Wanaume waliokwenda kukuzika walisema ardhi ilikuwa ngumu kama saruji, ikaletwa mashine. Nikawaza ungekuwa na la kusema juu ya neno mashine. Siku arubaini zilipopita nililifungua daftari lako kwa mara ya kwanza, nikalisoma lote, nikitafuta jina moja. Nilikuta kununa, ukaliandikia "letu". Nikafika Idi ile. Uliandika: beleshi. Asili: Bara Hindi. Aliyelileta: hajulikani.

Hajulikani, Baba. Alikuwa amesimama mbele yako na gauni jipya.

Sikulitupa. Nililirudisha kabatini, nikaacha kulifutia vumbi.

Sasa Idi ya mwaka huu. Wiki moja kabla, Ami Twalib alitangaza kwenye kundi letu la simu kwamba ataiendeleza kodi ya neno nyumbani kwangu, kwa kumbukumbu yako, na kwamba wa kwanza kusimama awe Zuhura, kwa kuwa ni mjukuu wa marehemu na ana miaka kumi na sita, amekuwa mtu mzima. Watu wakaweka vipicha vya mikono ya dua na maua. Hakuna aliyemuuliza Zuhura. Alisoma, akaniambia kwa Kiingereza, kwa utulivu wa kutisha, kwamba siku ya Idi atasafisha njia ili wageni wasivunjike miguu, kisha atakwenda kwa rafiki zake na hatarudi mpaka watu wamekwisha kuondoka. Akaongeza kwamba akienda chuo atachagua cha mbali, kusiko na ndugu wala theluji. Nilijua hatanii. Nilijua vilevile kwamba akiondoka hivyo, kila atakachoniambia maishani kitakuwa kwa lugha ninayoitumia kuzungumza na watu wa bima.

Asubuhi ya Idi theluji ilikuwapo, kama kawaida ya mji huu usio na haya. Nikampigia simu Ami Twalib, nikampa salamu za Idi, nikamwambia chakula kipo, kodi ya neno haipo, wala haitakuwapo tena ndani ya nyumba yangu. Akaniuliza kama nataka kuifuta ada ya baba yangu. Nikamwambia ndiyo. Akasema baridi imeniharibu akili. Inawezekana.

Kisha nikavaa buti, nikatoka. Zuhura alikuwa amefika nusu ya njia, kofia imemfika kwenye nyusi, anasukuma theluji bila kuinua kichwa. Nikachukua beleshi la pili, lile bovu lenye mpini uliofungwa kwa utepe, nikasimama karibu naye. Nilikuwa nimeandaa hotuba, yote ikanipotea.

"Siku ile nilicheka," nikamwambia. "Niwie radhi, mwanangu."

Aliendelea kusukuma. Akafika mwisho, akageuka, akarudi, akanipita kama mti. Pua ilikuwa inanitoka maji na vidole vya miguu sivisikii tena. Nikaona basi, hata asiponijibu nitafanya kazi, nikalichomeka beleshi kwenye theluji likagoma. Nikamwambia, "Basi nifundishe ku-shovel."

Akasimama. Akaniangalia kuanzia buti hadi mtandio, vile vile ulivyokuwa ukimwangalia mwalimu mwenzio aliyekosea ubaoni.

"Hilo si neno, Mama," akasema. "Neno ni beleshi. Na umelishika vibaya."

Baba, kwa Kiswahili. Chetu, cha Mombasa, kisicho na doa, na dharau yako imo yote, hakuidondosha hata chembe. Miaka saba alikuwa nacho kinywani. Machozi yalinitoka yakaganda shavuni, na siku nyingine ningeangua kicheko. Kucheka sikuthubutu.

Akaja akanigeuzia mikono kwenye mpini, tukamaliza njia pamoja. Wageni walipofika aliondoka kwa rafiki zake kama alivyoahidi. Sikumzuia.

Daftari lako sasa liko kwake. Nililiweka juu ya kitanda chake, limefunguliwa ukurasa ule, na pale ulipoandika "hajulikani" nimepiga mstari, kwa kalamu yako nyekundu, nikaandika jina lake lote. Akitaka kuongeza maneno aongeze, akitaka kulichoma alichome.

Wewe lala. Huku nitaendelea kununa mpaka Mei.

Ni mimi binti yako, mama yake Zuhura.