Tunalipa Mbele

Kambini, 3 Machi

Mwanangu, Waziri wangu wa Fedha,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani inakuja. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linalalamika, lakini halijapata wa kulisikiliza. Wewe hujambo? Kifua cha mama yako kimetulia, au bado anakohoa kila ninapotajwa?

Huku mambo ni makubwa. Bila baba yako barabara hii isingejengwa, na sisemi hivyo kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli. Wahandisi wanachora, matingatinga yanasukuma, lakini alfajiri wote wanasimama na sahani zao mbele yangu kama watoto wa chekechea. Nimepikia watu wa lugha ambazo hata redio haizijui, na hakuna aliyewahi kurudisha sahani ikiwa na kitu.

Sasa nisikilize. Juzi mhandisi mkuu alikuja jikoni kuomba chai. Akanieleza, anacheka kabisa, kwamba kazi inakwenda vizuri na kufikia mwisho wa mwaka ujao lami itakuwa imemalizika. Yeye anacheka, mimi nimeganda na birika mkononi. Lami ikimalizika, mshahara wangu nao umemalizika. Mkopo wa nyumba bado una miaka sita. Kwa umri huu, kambi gani itanichukua? Na sitaki mama yako aje kuhamishwa tena na virago vyake, kama tulivyohamishwa enzi za kupanga. Alishafunga magodoro ya kutosha maishani mwake.

Kwa hiyo tunashindana na barabara. Kila mwezi nitatuma rejesho la benki na jingine la ziada karibu sawa nalo. Nyinyi nyumbani mjibane, mimi huku najibana. Shule niliachana nayo mapema, lakini jikoni nilifundishwa kwamba mpishi wa watu wengi hupika mbele. Maharage ya kesho yanachemka leo. Basi nenda benki, simama wima, mwambie karani: tunalipa mbele. Tumia neno hilohilo, ajue anashughulika na watu wanaojua mambo.

Msalimie mama yako. Mwambie nimepungua tumbo, asije akanipita barabarani.

Ni mimi, Baba yako


Nyumbani, 22 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama amesema kifua kimetulia, na kwamba umepungua tumbo ataamini akiona.

Nimefika benki. Nimesimama wima kama ulivyoagiza, nikasema tunalipa mbele. Karani akaniuliza kama nina uhakika, nikamjibu baba yangu ana uhakika kwa niaba ya familia nzima. Akaandika, akagonga muhuri, yamekwisha.

Nyumbani mkanda umefungwa hadi tundu la mwisho. Mchele tumeacha kununua wa kilo kilo, tunanunua gunia tukigawana na jirani mshonaji mwenzangu. Sabuni Mama anaikata vipande na kuianika ikauke, anasema sabuni mbichi inaliwa na maji. Maharage yanalala kwenye maji, kisha yakichemka kidogo anaifunga sufuria ndani ya blanketi kuukuu, yanaiva yenyewe huko ndani. Gesi iliyokuwa inaisha kabla ya mwezi sasa inavuka. Usiku Mama anaruhusu taa moja tu, ya jikoni. Mimi naenda kiwandani kwa miguu. Nimeshona soli ya viatu mara mbili na bado vinanidai.

Kuna jingine, na usikasirike. Chumba cha mbele tumempangisha kinyozi. Alikuja na kioo na mashine lakini hakuwa na kiti cha wateja, Mama akampa kile kiti chako kikubwa. Sasa watu wanakikalia na wanalipa. Mama anasema ulipokuwa unakikalia wewe hakikuingiza hata senti.

Usafiri wa barua ni mrefu, kwa hiyo nakuomba mapema: usikopeshe watu huko.

Binti yako


Kambini, 9 Juni

Waziri wangu,

Salamu zimefika, na habari ya kiti imenifikia kifuani. Nimemsamehe mama yako, kinyozi bado namfikiria.

Mimi sigara nimeacha. Wenzangu waliwekeana dau kwamba sitamaliza wiki, na wote walikosa. Naosha nguo za wahandisi jioni, wananilipa. Nashona buti. Bia nimeiaga, tukikutana dukani tunapeana salamu kwa mbali tu. Ninaowafahamu hapa wanasema hawajawahi kuona mtu mwenye nia kama mimi, na mimi sikuwabishia.

Kuhusu kukopesha, barua yako ilichelewa kidogo. Dereva wa tingatinga mkewe alilazwa, akaja kukaa jikoni kwangu, anakoroga chai isiyo na sukari. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilimpa. Ila nilimpa hela zangu za sabuni na za kupiga simu, za nyumba sikuzigusa. Ndiyo maana simu zimepungua na barua zimeongezeka. Na amesharudisha nusu, kwa hiyo punguza kukunja uso, nakuona kutoka huku.

Lami inakimbia, mwanangu. Kila jioni natoka nje kuitazama na kuiambia polepole. Haisikii. Sisi tuendelee.

Baba yako


Nyumbani, 17 Novemba

Baba,

Shikamoo. Afya zetu ni njema, namshukuru Mungu, kwa sababu leo nimehitaji afya.

Nilikwenda benki kuuliza deni limebaki kiasi gani. Nilitaka nikutumie habari ya kukufurahisha. Karani akanitajia. Nikamwomba arudie. Akarudia kiasi kilekile. Nikamwambia, kaka, hapo umesahau hela zetu zote za ziada.

Akasema, "Dada, hazikusahaulika. Mlisema mnalipa mbele, nasi tumeziweka mbele."

Nikaomba anieleze kama anavyomweleza mtu aliyeamka sasa hivi. Akanieleza vizuri, hana makosa yule kijana. Kulipa mbele kwao ni kulipa marejesho ya miezi ijayo. Kila tulichojinyima kimekaa pembeni kinangoja miezi yake ifike. Deni lenyewe halikuguswa, na riba inapigwa juu ya deni lile lile. Ili deni lipungue ilibidi tuseme tunapunguza deni. Ndiyo maana siku ile aliniuliza kama nina uhakika.

Baba, nimekula maharage ya blanketini tangu Machi. Mama ameacha miwani yake imefungwa kwa uzi. Yote hayo kwa neno moja la jikoni.

Nililia njiani, nikamaliza, nikarudi kaunta kabla hawajafunga. Inawezekana kurekebisha. Hela zote zilizokaa mbele zinahamishwa kwenye deni, riba inashuka, na miaka karibu miwili inakatika. Lakini mkopo ni wa jina lako, kwa hiyo sahihi ni yako. Karatasi nimeiambatanisha. Tia sahihi uirudishe na gari la kwanza linalotoka kambini. Usiandike barua ndefu, usisimulie lolote. Sahihi tu.

Binti yako


Nyumbani, 11 Januari

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Karatasi haijarudi. Hela ya Desemba haijaja. Simu yako haipatikani.

Mama anasema nisikuulize. Mimi nakuuliza. Umemkopesha nani safari hii? Kama ni dereva wa tingatinga, mwambie na sisi tuna mgonjwa, anaitwa nyumba.

Kama unaumwa, mtu yeyote hapo kambini aandike mstari mmoja. Tutakuja kukuchukua hata kwa miguu.

Binti yako


Kambini, 2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Sijakopesha mtu. Keti kitako uisome taratibu, na ukimsomea mama yako usiruke mistari.

Barabara ilisimama mwisho wa Oktoba. Haikufika mwisho, ilisimama tu, kama punda. Mkandarasi hajalipwa na aliyempa kazi, naye hakutulipa sisi. Matingatinga yameegeshwa, nyasi zimeanza kuota kwenye magurudumu. Wahandisi waliondoka wa kwanza. Hela mliyoipata Novemba niliiokoteza kwa kuuza buti zangu za kazi, saa na simu. Hapa tumebaki walinzi na mimi. Nawapikia, nao wananipa sehemu ya chakula chao. Sikutaka kuondoka, kwa sababu anayeondoka jina lake linasahaulika siku ya malipo.

Karatasi yako ilinikuta hivyo. Nilishika kalamu. Kisha nikawaza: nikitia sahihi, hela zote zinazama kwenye deni, na mwezi unaofuata benki inataka rejesho lake. Litatoka wapi? Mshahara wako ni chakula na dawa. Tungekosa Desemba, tungekosa Januari, na sasa hivi wangekuwa wanabandika tangazo mlangoni. Nikaiweka kalamu chini. Lile neno langu la kijinga ndilo linalowalipia nyumba hivi sasa, mwezi baada ya mwezi, mpaka Julai. Nilisema ujinga, ukatokea kuwa bima.

Kwa nini sikuandika? Nilianza barua nyingi. Unajua nilivyo, mimi habari zangu zote huanza na mimi kushinda. Sikujua barua ya namna nyingine inaanzaje. Mwishowe nimeianza kwa marahaba, na imekwenda.

Karatasi naikalia bila sahihi. Tuna mpaka Julai, Waziri. Nipe amri.

Baba yako


Nyumbani, 20 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimemsomea Mama, sikuruka mstari. Nilipofika kwenye buti akasema, "Kwa hiyo anatembea na nini?" Kifurushi hiki ni viatu. Ametoa hela mahali ambapo hata mimi sikujua zipo, na amesema usimuulize.

Hasira zangu zipo, nimeziweka kabatini, tutazungumza siku nyingine. Sasa amri.

Kiwandani tuko wengi kuliko walinzi wako. Saa ya chakula kila mtu anatafuna mkate mkavu juu ya cherehani, kwa sababu kibanda cha karibu ni ghali na chakula chake kina sifa moja: watu hukila mara moja, hawarudii. Nilikwenda kwa msimamizi. Nikamwambia baba yangu amepikia watu wa lugha ambazo hata redio haizijui. Ndiyo, Baba, nimetumia maneno yako, na hakuna mahali yamewahi kufaa zaidi. Akasema kama tutaleta chakula kizuri kwa bei iliyo chini kidogo ya ile ya kibanda, atatupa kona yenye bomba la maji, na pesa zetu zitakatwa kwenye mishahara ya watu moja kwa moja, hakuna wa kukopa akakimbia. Hicho kipengele cha mwisho nilikiomba mimi, nikikufikiria wewe.

Mama ameanza peke yake wiki hii, na maharage yake ya blanketini. Yaliisha watu wakiwa bado kwenye foleni. Mikono yake haitoshi.

Ngoja malipo yako, usidhulumiwe. Ila ukilipwa usitafute kambi nyingine. Kambi iko hapa.

Binti yako


Ndani ya basi, 28 Mei

Mwanangu Waziri,

Sina haja ya kukuuliza hali, nitaiona jioni. Barua hii nakuletea mwenyewe mkononi, usinicheke. Nikishafika nitakalia kiti changu, hata kama kinyozi atanitoza, na nitaanza kusimulia jinsi nilivyomshinda mkandarasi, na haya hayatapata nafasi.

Tumelipwa. Si kila kitu, lakini sehemu kubwa. Dereva wa tingatinga alirudi kuchukua zake, akanilipa nusu ya deni lake iliyobaki, mbele ya watu. Mkandarasi mwingine alikuwa langoni anaandikisha wapishi wa kazi mpya, mbali zaidi, mshahara mzuri kuliko wa kwanza. Aliniita kwa jina. Nilimwambia nimeshaajiriwa kiwandani na bosi wangu ni mkali.

Karatasi yako iko ndani ya bahasha hii, nimetia sahihi. Malipo yangu yote nayo yamo. Peleka vyote, mwambie karani tunapunguza deni. Nimefanya mazoezi ya kulitamka tangu tulipotoka stendi, abiria wa pembeni amehama kiti.

Najua kuanzia mwezi ujao hakuna kitakachotukinga. Rejesho litatoka kwenye sufuria au halitatoka. Nimepiga hesabu kwa kichwa changu cha darasa la nne: watu wale wakila, na mama yako akikubali nimsaidie badala ya kumwamuru, tunamaliza kabla nywele zilizobaki hazijaondoka. Hela azishike yeye. Mtu akija kwangu anakoroga chai isiyo na sukari, nitampa sukari, kisha nitamleta kwako ukamkatalie.

Basi linapunguza mwendo. Naona nguo zimeanikwa nyuma ya nyumba.

Baba yako


Mezani jikoni, 14 Agosti, mwaka wa pili tangu urudi

Baba,

Shikamoo. Nimekukuta umelala, umetoka sokoni alfajiri, sikutaka kukuamsha. Narudi kiwandani kabla kengele haijalia.

Nimetoka benki. Hati ya nyumba iko hapa chini ya bakuli, uoshe mikono kwanza ndipo uishike.

Mama ameshaiona. Aliisoma, akaniuliza mwezi ujao tunampelekea nani hela. Nikamwambia hatumpelekei mtu. Kisha akaondoka akaenda chumba kimoja hadi kingine, akawasha taa zote za nyumba, mchana huu kweupe, hata ya chooni, hata ya kwa kinyozi. Nilipotaka kuzima akanipiga mkono.

Ukiamka utazikuta zinawaka. Usizizime.

Binti yako