Kifungu cha Kumi na Moja

Gisenyi, 6 Juni 2025

Mwanangu Umurerwa,

Habari za Mwanza, na za wagonjwa wako pale wodini? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha umri kila asubuhi.

Fundi wa nyumba yako nimempata. Walikuja watatu. Wa kwanza alinionyesha picha za maghorofa kwenye simu mpaka nikasinzia. Wa pili alikubali kila nilichosema, hata nilipomtega kwamba nataka choo sebuleni. Wa tatu, Ndayisenga, alinipeleka Mahoko kwenye nyumba aliyoijenga, ikapasuka ukuta siku zile za matetemeko ya ardhi. Akaweka kidole kwenye ufa, akasema, "Muzee, hii ufa ni yangu. Mwenye nyumba alitaka haraka, mi nikamusikiliza, linta, ile mukanda ya zege juu ya madirisha, tukaruka. Sitarudia." Nimempenda hapo hapo.

Mkataba nakutumia kwa basi pamoja na barua hii, maana karatasi haisainiwi kwenye simu. Usome, usaini, urudishe. Na mimi hujaniona tangu matetemeko hayo hayo, miaka minne sasa, usije ukanisahau sura.

Baba yako,
Rugema

Mwanza, 15 Juni 2025

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, kazi tu ndiyo nyingi. Goti lipake ile dawa niliyokutumia, usiiweke kabatini kama pambo.

Mkataba nimeusoma mara mbili. Bei sawa, miezi saba sawa. Kifungu cha kumi na moja ndicho kimenishinda: "Msingi hautafukiwa hadi mwenye nyumba aje auone kwa macho yake mwenyewe, naye asiwe na haraka ya kuondoka." Mkataba gani unaongea hivi? Likizo hapa ni ya kupigania, Baba. Mwambie Ndayisenga akifute. Wewe kagua kwa niaba yangu, nitumie picha.

Binti yako,
Umurerwa

Gisenyi, 24 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Dawa nimepaka, nanuka kama hospitali yako.

Fundi amekataa katakata. Anasema picha haionyeshi kama nondo zimefungwa vizuri, na kwamba udongo wetu, kwa mawe haya ya volkano, una mashimo yake chini. Nimembembeleza sana. Ni mtu mgumu, lakini ukifikiria, ana haki. Mimi macho yangu yamechoka.

Baba yako

Mwanza, 20 Julai 2025

Shikamoo Baba,

Samahani kwa kimya. Natumaini u mzima, maana nina jambo nawe.

Nilimpigia simu huyo mtu mgumu. Alicheka kwanza, halafu akaniambia, "Madame, ile si maneno yangu. Muzee alisema kama unakuja kuona musingi, utabaki hata siku tatu."

Nilikasirika. Nilikasirika mpaka jioni, kisha nikakaa kitandani nikalia. Miaka minne nimekutumia dawa, sukari na sweta, nikajiona mtoto mwema. Ungesema tu kwamba umenikumbuka.

Likizo nimepata, wiki mbili. Mkataba nimeusaini, na kifungu chako sijakigusa. Ila nimeongeza cha kumi na mbili kwa mkono: "Chumba kinachotazama ziwa ni cha Mzee Rugema, na nyumba haitapauliwa hadi asaini kwamba atahamia." Ulidhani namjengea nani, Baba? Ile ya zamani unayokaa ina nyufa nne, nilizihesabu kabla sijaondoka, na tangu hapo silali vizuri.

Binti yako

Gisenyi, 29 Julai 2025

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, marahaba tena.

Kusema nilishindwa. Kila nikishika simu naona nitakusumbua kazini, nakuuliza habari za mvua. Kumwambia fundi kulikuwa rahisi zaidi.

Mtaro wa msingi umechimbwa. Ndayisenga ameufunika kwa turubai na hataki mtu aukaribie, hata mimi. Kifungu cha kumi na mbili nimesaini mbele yake.

Niandikie basi lako linafika saa ngapi. Nitakuwa stendi kabla yake.

Baba yako,
mwenye chumba