Sikio la Dhahabu

2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na macho je? Mimi mzima, ila chaki imenikausha mikono.

Mwezi huu nafundisha vito katika Maandiko ya kale ya Kiebrania, nikakukumbuka, sonara wangu. Huko pambo si urembo tu. Bangili anazovishwa binti kisimani ni ahadi kwamba amepata kwao kwingine. Kuhani mkuu hubeba kifuani mawe kumi na mawili yenye majina ya makabila, ili asimsahau yeyote anapoingia mbele za Mungu. Lakini hereni zina mkosi. Zikikusanywa, mara nyingi zinageuka kitu cha kuabudiwa. Haruni alipoulizwa ndama wa dhahabu katoka wapi, alijibu kwamba yeye alitupa tu dhahabu motoni, ndama akatoka mwenyewe! Darasa zima lilicheka.

Miezi minane sasa tangu mama atutoke. Unakula?

Mwanao


9 Machi

Mwanangu Mwalimu,

Marahaba. Mgongo unalalamika, lakini tumeshazoeana. Nakula, nikikumbuka.

Huyo Haruni wako kanichekesha mpaka nikaangusha koleo. Miaka thelathini na nane nayeyusha dhahabu, haujanitokea wenyewe hata ukucha. Alikuwa mwongo, tena mwongo asiyejua kazi. Wewe fundisha Maandiko, moto niachie mimi. Sikio halipiti kichwa.

Wiki ijayo nitayeyusha hereni za mama yako nikutengenezee bangili. Kila nikifungua droo kutafuta tupa nakutana nazo, na siku inaharibika. Nyumba imekuwa kimya mno. Siku hizi naongea na birika.

Baba yako


6 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Barua zako mbili nimezipata. Nisamehe kuchelewa kujibu.

Niliyeyusha hereni za mama yako, nikaimimina dhahabu kwenye kalibu ya bangili. Nilipoifungua, ndani mlikuwa na sikio. Nikadhani kalibu imepasuka, nikayeyusha upya. Nikabadilisha kalibu. Mara tatu, sikio lile lile. Haya, nicheke na mimi: limetoka lenyewe.

Ni la kushoto, ukubwa wa sikio la mtu mzima, jembamba kama ganda la yai. Ndewe imechanika pale ulipomvuta mama yako hereni ukiwa unanyonya. Niliweka gramu tisa motoni, na sikio lina kumi na moja. Dhahabu hupungua motoni, mwanangu. Haijawahi kuongezeka.

Baba yako


10 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena. Umepima joto la mwili? Unalala?

Yakobo alipopewa hereni za watu wa nyumbani kwake hakuziyeyusha. Alizifukia chini ya mti, akaondoka. Nakusihi ufanye hivyo hivyo. Na usiongee nalo, baba, maana nakujua. Sanamu zina masikio lakini hazisikii, hilo nalo limeandikwa. Kisha njoo ukae kwangu, chumba kipo. Naogopa kukupoteza na wewe.

Mwanao


28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sina homa. Nililifukia nyuma ya karakana, siku ya tatu nikalifukua. Kuna jambo nilikuwa sijamaliza kumweleza mama yako.

Hizo sanamu zenu hazisikii, sawa. Hili linasikia. Nikisema kweli linapata joto, nikidanganya linapoa. Wewe nilikuambia tulichelewa hospitali kwa sababu barabara ilifungwa. Barabara ilikuwa wazi. Nilikuwa namalizia pete za harusi ya watu, nikamwambia avumilie kidogo. Nilipolitamka hilo likawa la moto hadi nikalitua mezani. Limeongezeka gramu nne. Usiku ule nililala, mara ya kwanza tangu tumzike.

Nisamehe na wewe. Sasa nakuomba kitu kimoja tu: hereni zako, zile za utotoni. Nilizikata kutoka kipande kimoja na za mama yako. Anasikia upande mmoja tu.

Baba yako


3 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimekusamehe, nimelia, na jibu ni hapana.

Gideoni naye aliomba kitu kimoja tu, kila mtu hereni moja. Watu wakatandaza nguo wakazitupa kwa moyo mkunjufu, na kilichotengenezwa kikawa mtego kwa nyumba yake yote. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini wewe bado u hai, nisikie. Jumamosi nakuja kukuchukua.

Mwanao


6 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Njoo ukitaka, mlango hautafungwa. Ila kuna jambo ulijue kwanza.

Jana nilikuwa namsimulia habari zako. Nikasema, "Mwenzangu, usimlaumu mtoto. Siku ile ya mwisho ulipompigia simu alikuwa darasani, ndiyo maana hakupokea." Ndivyo ulivyoniambia msibani. Sikio likapoa mkononi mwangu hadi vidole vikafa ganzi.

Sikuulizi kitu.

Baba yako


30 Mei

Baba,

Shikamoo. Jumamosi ile ilipita nimekaa kitandani, begi limefungwa.

Sikuwa darasani. Nilikuwa nyumbani, simu mkononi, nikitazama jina la mama likiita mpaka likakatika. Tuligombana wiki ile kwa jambo la kipuuzi. Nikasema moyoni, acha angoje mpaka kesho. Sijawahi kumwambia mtu, baba. Hata kuliandika sikuwahi.

Miaka yote hii nimewafundisha wanafunzi kwamba watu wale wa jangwani, wenye ndama wao, walikuwa wajinga. Sasa nadhani walikuwa na mtu wa kumwambia kitu, na wamechelewa.

Hereni zimo ndani ya bahasha, nimezifunga kwa pamba. Ziyeyushe. Sikio la kulia likitoka, usiliambie neno lolote, hata salamu. Lifunike kwa kitambaa uliweke kando ya lile jingine. Neno la kwanza litakalosikia nataka liwe langu.

Nimeshakata tiketi.

Mwanao