Matawi ya Mkaratusi Mlangoni

Alhamisi, Agosti 2012. Baridi kavu, upepo umenipasua midomo. Kichwa changu hakiko sawa.

Katika ukumbi ninaofagia kule Newtown, kila Alhamisi akina mama hujifunza ikebana, upangaji maua wa Kijapani. Mimi nilidhani maua hujazwa chomboni mpaka yabanane. Wao huweka tawi moja, ua moja, pengine na kipande cha bomba lenye kutu, halafu hulitazama kimya kama wagonjwa wanaomsubiri daktari. Mwalimu wao, Mama Helen, husema siku hizi si lazima kufuata kanuni za zamani. Mtu apange kilicho moyoni mwake.

Leo kabla ya darasa alinikuta nimekumbatia matawi ya mkaratusi yaliyobaki, nikienda kuyatupa.

"Baba, panga na wewe. Usifikiri sana."

Sikufikiri. Ndipo nilipoharibu.

Mikono ikayalaza matawi sakafuni, mlangoni, majani yakitazama nje, ikaacha njia nyembamba pembeni. Kwetu Likasi, mji niliokimbia, huyaweka hivyo barabarani penye matanga, magari yapunguze mwendo, watu wajue kuna msiba. Wanafunzi walikuja wakicheka, wakafika pale, wakanyamaza. Wakapita mmoja mmoja. Mama Helen akapiga makofi. Anataka niyapange tena Jumamosi, kwenye maonyesho, mbele ya wageni. Akauliza kazi yangu hiyo ya matawi inaitwaje. Nikasema nitamwambia kesho.

Mama yangu alifariki mwezi wa sita. Sikwenda kumzika, maana nikivuka mpaka na karatasi hii ya mkimbizi, kurudi huku hakuna. Sikukaa matanga. Sikulia. Niliamka nikaenda kazini.

Jioni nikamsimulia Yaya Mado, msusi, mtu wa kwetu, ninayemwita yaya, yaani dada mkubwa, tunayegawana naye chumba kwa pazia hapa Joubert Park. Alicheka mpaka akaangusha kitana.

"Eish, weye! Umewawekea wazungu matanga? Na bukari, ugali wetu, umewapikia?"

"Walipiga makofi, Yaya."

"Makofi kwenye matanga!" Kisha akaacha kucheka. "Ni ya mama?"

Nikatazama pazia.

"Basi usiyaweke Jumamosi. Msiba si kitu cha kuonyesha watu."

Pengine anasema kweli. Lakini wale wanawake walinyamaza. Katika mji huu wote hakuna aliyewahi kumnyamazia mama yangu, hata mimi mwanawe. Sasa nikiyaweka mbele ya wageni wenye glasi mkononi, ninamlilia au ninamfanya pambo? Nimegeuza swali hili tangu chakula cha jioni na sioni lilikoanzia.

Nitayaweka. Nadhani nitayaweka. Kesho nitampa Mama Helen jina: Bernadeta, la mama. Nitaomba jambo moja tu, watu wasipige makofi.

Nimenawa mara mbili, mikono bado inanuka mkaratusi. Macho yananiwasha.

Sijui kama ni majani.