Sungura na Uyoga wa Sabato

Mjukuu wangu Kemunto,

Huku Ikonge sote tu wazima, na chai imechipua vizuri. Umeniuliza kama uje sasa au mwakani, kwa kuwa mimi, unavyosema, sina pa kwenda.

Miaka ya sitini, nikiwa msichana, tulikuta uyoga umejaa kwenye kichuguu tukienda kanisani. Sungura akachomoka katikati yake, akatokomea kwenye ukungu.

Mama akasema, "Leo Sabato, hatuchumi. Sungura ndiye hukimbia. Uyoga hauna miguu, utatungoja."

Usiku niliuota, mweupe kama mawingu yaliyoshuka kupumzika.

Jumapili tulirudi na kikapu. Sungura alikuwa amekaa pale pale, anatutazama. Uyoga ulikuwa umeoza.

Mimi pia sina miguu ya kukimbia, Kemunto. Njoo kabla mvua hii haijaisha.

Nyanya yako