Aliyekimbia Akisoma Yasini

Naipingo, 10 Januari 2025

Shangazi Mwantumu, shikamoo. Huko Nandagala mnaendeleaje, na goti lako limekubali kukunjika kwenye swala? Sisi wazima. Babu Shaibu anakohoa kidogo, ila kwa kugombana hajambo kabisa.

Kwenye simu ulisema napayuka, niandike, ukakata. Haya, naandika. Mwaka jana kwenye mbio za Ruangwa niliongoza mpaka kilomita ya nne, halafu nikaanguka, nikabebwa kwenye bodaboda mbele ya watu wote. Wasichana watatu wa kwanza wakachukuliwa kambi ya timu ya mkoa. Mwaka huu mbio ni Juni. Nikiikosa kambi tena nitapasuka, shangazi. Wewe ulikimbia kwenye timu hiyo enzi zako. Nifundishe, lakini upesi!

Mwanao, Raudha


Nandagala, 19 Januari 2025

Marahaba, mwanangu. Goti linakunjika likitaka lenyewe. Msalimie baba yangu, mwambie apunguze tumbaku.

Upesi? Ndiyo maana ulibebwa. Kimbia polepole mpaka uone aibu, mwendo wa mchakamchaka, ule ambao mtu anaongea bila kuhema. Kila wiki ongeza njia kidogo. Ukishindwa kuongea, punguza. Kama huna wa kuongea naye, soma kwa sauti kitu unachokijua kwa moyo. Usishindane hata na kuku.

Shangazi yako, Mwantumu


Naipingo, 2 Februari 2025

Shikamoo shangazi. Natumaini macho yameshakauka, maana nimesikia ulivyolia.

Mimi kitu kirefu ninachokijua kwa moyo ni Yasini, tangu madrasa. Basi Ijumaa alfajiri nakimbia zangu, nasoma. Jirani yetu Bi Hajra anafagia uwanja, anasikia Yasini inapita mbio barabarani. Nani asome Yasini mbio alfajiri, kama si mwenye mgonjwa anayekata roho? Akajua ni babu, na mimi nimetumwa kuita watu. Narudi nyumbani nakuta wanawake na kanga zao wamejaa uwanjani, sufuria kubwa jikoni, wanaume wanatafuta majembe. Babu ameshika bakuli la uji anauliza, "Nani kafa?"

Baba amenipiga marufuku kukimbia. Sili, silali. Msemeshe kaka yako, nakuomba.

Mwanao, Raudha


Nandagala, 9 Februari 2025

Raudha, marahaba, na laana kidogo. Huku tu wazima, hakuna aliyekufa.

Nilishafika stendi ya Ruangwa nimevaa kiatu kimoja changu na kimoja cha jirani, nalia, watu wananipepea. Simu inaita, napokea, ni marehemu mwenyewe, ananiuliza kwa nini sijamletea tumbaku!

Nimeongea na kaka Harithi. Kakubali, ila Yasini ibaki ndani. Wewe njiani salimia watu. Kila unayempita mpe salamu nzima, za nyumbani, za watoto, za shamba. Ukimaliza bila kuhema, mwendo ndio huo.

Shangazi yako, Mwantumu


Naipingo, 11 Mei 2025

Shikamoo shangazi. Goti je? Huku wazima wote, ufuta umekubali.

Nimesalimia Naipingo nzima, sasa watu wakiniona wanaanza wao. Natoka alfajiri, narudi jua limepanda, sijachoka. Nimechoka na kutochoka! Dastani muuza mkaa ananipita na baiskeli yenye gunia, ananicheka. Miguu inawasha. Lini nitakimbia kweli?

Mwanao, Raudha


Nandagala, 18 Mei 2025

Marahaba. Wote wazima. Bado.

Shangazi yako, Mwantumu


Naipingo, 23 Juni 2025

Shikamoo. Leo sikuulizi goti.

Nimekuwa wa nne. Nilianza nyuma kabisa kama ulivyotaka, wenye midomo wakasema ndiye yule wa kubebwa. Kilomita ya saba nikaanza kuwapita mmoja mmoja, wanahema vibaya. Kila nilipotaka kuchomoka nakusikia wewe, bado, bado. Nilipoamua kuongeza, mstari wa mwisho ukawa umefika. Wa tatu alikuwa mbele yangu hatua chache tu. Alijitupa chini akatapika. Mimi nilisimama, hata sihemi, na wakamchukua yeye.

Umenifundisha kuanza, shangazi, hukunifundisha kumaliza. Inaniuma kuliko kubebwa. Sikimbii tena, na barua usiniletee.

Raudha


Nandagala, 20 Julai 2025

Mwanangu Raudha, goti hukuniuliza, lakini sijambo.

Nimechelewa kuandika makusudi, hasira zako zipoe na aibu yangu ipungue. Neno "bado" nililisema kupita kiasi. Niliogopa. Mwaka jana nilikuwepo Ruangwa, mimi ndiye niliyekufunika kanga ukiwa hujitambui, na niliapa sitaiona tena hali ile. Mwaka huu pia nilikuwepo, nyuma ya watu. Nikakuona umesimama wima, umefura, unataka kumpiga mtu. Nililia kwa furaha, nikaondoka kabla hujaniona, kwa sababu ningekutazama kwa uso gani?

Baba yako anasema kila asubuhi unatoka, unarudi umelowa jasho, ukiulizwa unasema ulikwenda kuangalia mikorosho. Mikorosho gani hiyo inayomlowesha mtu mpaka mgongoni?

Jumamosi nakuja kwa gari la kwanza, na goti langu hivyo hivyo. Tafuta mahali penye mlima. Sasa tunakimbia.

Shangazi yako, Mwantumu