Mashati ya Damari

Jumapili, 24 Agosti 2025

Kikao kimekwisha na mandazi yamekwisha. Aliyeyamaliza ni Bartholomew peke yake. Ndiye Mkatoliki pekee katika kundi letu la wasomaji wanne, na anakula kwa niaba ya parokia nzima.

Tumemaliza sura ya tisa ya riwaya yetu. Damari ameachwa! Mume, yule mwalimu wa kwaya, amehamia Nakuru na mwimbaji wa sauti ya kwanza, na Damari hajamwambia mtu. Kila Jumamosi anafua mashati ya mume na kuyaanika uani ili majirani wadhani bado kuna mwanaume nyumbani. Mutanu amelia. Mutanu hulia hata kwenye ukurasa wa shukrani, lakini leo alilia mpaka akalowesha nakala yangu, doa kubwa juu ya neno "kamba".

Mimi nimepinga. Nimewaambia hapo mwandishi ametudanganya mchana kweupe. Majirani hawana macho? Ni mtaa gani huo ambao mume anapotea miezi na miezi na mtu wa ukuta wa pili hajui? Mimi hapa jirani akibadilisha majani ya chai nitajua kwa harufu.

Tracy, mdogo wetu, yule wa duka la dawa, akasema majirani huona kile wanachotaka kuona. Nikamwambia angoje afike umri wangu kwanza. Bartholomew naye akasema sisi watu wa kanisa letu tunataka hata hadithi itoe ushuhuda na risiti juu. Tumecheka sana.

Walipoondoka nimeshona. Hii ni sheria yangu na siionei haya: kurasa ambazo hatujafika nazitia uzi pembeni, mshono mrefu, nakala zote mbili tulizo nazo. Mwenye haraka ya mwisho akaangalie sinema. Nakala anayokaa nayo Bartholomew uzi ulikuwa umelegea tena! Mzee mzima, mstaafu wa posta, anachungulia katikati ya kurasa kama mtoto anayetafuta sukari kabatini. Safari hii nimemtilia uzi wa kushonea jinzi.

Jumamosi, 30 Agosti

Jua zuri. Mtaa mzima umefua.

Kanini, jirani yangu wa ukuta huu, ndiye aliyetangulia kama kawaida. Mashati ya Musili, meupe, yamepangwa kwenye kamba kama wanafunzi gwarideni. Nimemchokoza juu ya ukuta. Nimemuuliza mume wake ana shingo ya hariri au vipi, mbona kola hazichakai? Mimi nashona sare tangu nikiwa msichana, na shati la mwanaume huanza kufa kwenye kola. Akacheka kidogo, akasema ni vile Musili ni mtu msafi, akaingia ndani.

Musili ni dereva wa malori ya simiti huko Athi River. Anatoka alfajiri, anarudi watu wamelala. Sijamtia machoni tangu Pasaka, lakini kwa mashati namjua vizuri. Marehemu mume wangu alikuwa anavaa shati moja mpaka linasimama lenyewe, Mungu amrehemu.

Nikamkumbuka Damari, nikacheka peke yangu. Yule mwandishi angekuja Machakos aone kamba ya mwanamke mwenye mume.

Jumapili, 31 Agosti

Sura ya kumi na kumi na moja. Mashemeji zake wanataka kumtoa Damari shambani. Mutanu amelia (si habari). Bartholomew analalamika kuhusu uzi wa jinzi, anasema umemkata kidole. Nimemuuliza kidole kilikuwa kinatafuta nini huko.

Jumatano, 3 Septemba

Ai! Hata sijui nianzie wapi.

Maombi ya jioni. Mchungaji akauliza nani ana hitaji. Mutanu akasimama. Nilidhani ni kuku wake wanaougua. Kumbe! Akaanza kwa sauti ile ya chini: kuna dada yetu mmoja, mumewe amemwacha, hajaambia mtu yeyote, anafua mashati yake kila Jumamosi na kuyaanika ili watu wasijue. Mashemeji wanataka kumfukuza. Tumkumbuke.

Nilimfinya pajani. Akadhani namtia moyo. Akaongeza machozi.

Kanisa zima likaguna. Kina mama wakaanza kupangusa macho. Hata Kanini, anayekaaga karibu na mlango na kuondoka kabla ya chai, alikuwa ameinama na leso usoni. Mchungaji akaomba kwa nguvu mpaka spika ikapiga filimbi. Nami nikasema amina! Nimemwombea mwanamke wa karatasi, kwa kinywa hiki.

Ingeishia hapo ningecheka. Lakini Mama Wesley, mwenyekiti wetu wa kina mama, akasimama. Huyu ndiye aliyetutoa kwenye chumba cha kanisa mwaka jana akisema riwaya ni uongo uliovaa gauni la Jumapili. Akataka kujua dada huyo ni nani. Mutanu akageuka rangi. Akasema... ameomba asitajwe. Basi, Mama Wesley akatangaza, iwe Katangi iwe Kangundo, Jumamosi bas ya kanisa inaenda kumwona, na kila mama alete kitu. Vitu vikusanywe wapi? Kwa Mama Makau, ni karibu.

Mama Makau ni mimi.

Alhamisi, 4 Septemba

Sebule yangu ni ghala. Unga, maharagwe, mafuta, sukari, blanketi mbili, sufuria mpya. Na jogoo. Nimemfunga kwenye mguu wa cherehani. Kila akiwika najiona nimemkana mtu.

Watu wametoa kwa moyo, hilo ndilo linaloniuma. Mama mmoja mzee ameleta mayai kwenye kofia ya mjukuu wake. Ameniambia nimpelekee huyo msichana salamu. Nikamwambia nitazifikisha. Wapi? Ukurasa gani?

Jioni kikao cha dharura. Mutanu anasema hakukusudia, alikuwa na Damari moyoni wiki nzima, mdomo ukafunguka wenyewe. Nimemuuliza kwa nini hakusema palepale ni kitabu. Akaniuliza na mimi niliyekuwa nimeketi kando yake, kwa nini sikusema? Nilikuwa namwogopa Mama Wesley. Bado namwogopa.

Tracy akapendekeza tuseme dada amerudiana na mume. Yaani tutunge kitabu cha pili! Nikakataa. Bas itakuja Jumamosi asubuhi na lazima mmoja wetu aungame kabla. Bartholomew akasema yeye kitubio anacho lakini ni cha kanisa lingine, haya ni mambo yenu ya ndani. Tracy yuko zamu. Mutanu akifungua mdomo atalia na Mama Wesley atadhani mtu amekufa. Nimebaki mimi.

Najua kitakachofuata. Vitu vitarudishwa kwa wenyewe, jina langu litatajwa kwenye matangazo, na kundi letu litakuwa limekwisha. Sura ya kumi na mbili hatutaisoma pamoja. Nimehuzunika kuliko nilivyodhani. Tangu marehemu aondoke, Jumapili jioni ilikuwa siku mbaya, na hawa watatu ndio waliniponya, na kelele zao na mandazi yangu.

Ijumaa, 5 Septemba

Asubuhi. Nimevaa gauni la bluu. Naenda kwa Mama Wesley saa kumi jioni. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: "Mwenyekiti, yule dada yuko, lakini kwa njia nyingine." Jogoo amenicheka.

Ijumaa hiyohiyo, saa kumi kasorobo

Sijaenda. Naandika nimesimama, hapa jikoni, chai iko motoni. Nisipoandika nitatoka huko sebuleni niseme ujinga.

Nilikuwa nafunga mlango nitoke. Kanini akaingia getini. Hakuwa amefunga kitambaa kichwani, na huyo hatoki bila kitambaa.

"Mama Makau, uko na dakika?"

Nikamwambia niko na safari. Akasema hatakawia. Akaketi kwenye ukingo wa kiti, akaangalia gunia la unga, akageuza macho upesi.

"Sikukuja kugombana, mama, mwaitu. Nataka tu kujua ni nani aliwaambia."

"Aliambia nani nini?"

"Mambo ya mashati."

Mimi bado sikuelewa! Nilidhani anaongea juu ya kola, nikaanza kumwomba radhi kwamba ulikuwa mzaha tu. Akatikisa kichwa.

"Musili alienda Pasaka. Ako na mtu huko Voi. Hata simu alibadilisha. Sijaambia mtu, hata mama yangu hajui. Naosha hayo mashati kila Jumamosi, naanika, naanua. Nikiwa hapo kwa kamba nilikuwa naongea na Mungu pekee yake. Sasa Jumatano nikasikia Mutanu akisema vile vile, maneno yangu yote. Nikajua, kumbe Mungu alinisikia."

Akapangusa uso kwa kiganja. Alikuwa anatabasamu, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Lakini ile bas isikuje kwangu kesho, tafadhali. Waambie waniombee tu. Majirani wataona."

Majirani! Jirani ni mimi. Hakuna mwingine upande huu, ni mimi na ukuta. Ni mimi niliyepiga kelele juu ya ukuta kuhusu shingo ya hariri. Kola hazikuchakaa kwa sababu hazina mtu ndani, na mshonaji mzima nikaona, nikatania, nikaenda kulala.

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikamuuliza watoto wamekula nini. Akasema wamekunywa chai. Nikamuuliza na nini. Akaangalia tena gunia la unga. Basi nikasema ngoja nikuchemshie chai, nikakimbilia huku.

Sasa nifanye nini? Nikimwambia Mama Wesley ni kitabu, siri ya Kanini itabaki salama, lakini huu unga utarudi kwa wenyewe na huyu hapa watoto wake wanakunywa chai kavu. Nikinyamaza, kesho bas nzima ya kina mama itapanga foleni kwenye geti lake. Na yeye mwenyewe nimwambie nini? Kwamba Jumatano hakuna aliyemwombea? Kwamba tulikuwa tunamlilia mwanamke wa karatasi? Ana kitu kimoja tu cha kushika, na mimi ndiye nimpokonye.

Lakini nikimficha nitakuwa namdanganya usoni, na amedanganywa ya kutosha.

Mama Wesley amepiga simu. Sijapokea. Bila shaka anataka kujua bas ielekee wapi.

Sebuleni kumenyamaza. Hata jogoo. Nimechungulia kwenye pazia.

Ngai wangu. Niliacha kitabu juu ya cherehani! Amekishika. Anasoma akiwa ameinama, kidole kinafuata mstari. Naliona lile doa la Mutanu kutoka hapa. Ni sura ya tisa. Yuko kwenye kamba.

Ningekimbia nimpokonye. Nimebaki na kalamu mkononi.

Mabega yanamtikisika. Analia? Anacheka? Amegeuza ukurasa. Amegeuza mwingine. Huyu anasoma upesi kuliko Tracy. Sura ya kumi. Mashemeji. Ameweka mkono mdomoni.

Simu tena. Iache ilie.

Ameniita.

"Mama Makau! Kumbe ni huyu?"

Nimeitika kwamba ndiyo. Nimesema kwa sauti ndogo sana. Nimesema ni huyo, na unisamehe. Kurasa zinavutwa, nasikia uzi ukikaza.

"Sasa hapa mbele mbona pameshonwa?"

Nikamwambia hatujafika hapo. Hakuna aliyefika.

"Lakini alifanya nini, huyu mwanamke? Alitoa mashati kwa kamba, ama aliendelea tu?"

Sijui! Ndiyo sijui. Mimi na sheria zangu za uzi.

Chai inafurika. Simu inalia. Anaita tena, mara hii kwa sauti ya mtu mwenye haraka. Na mkasi, mkasi mzima wa kazi, niliuweka wapi?